Kinamasi cha Vyura Chabadilishwa kwa Shamba la Viazi

"Ziba mtaro wangu tena uone!"

"Nimeshaziba, shemeji. Sasa nione nini?"

Mzee Mukhwana amesimama ukingoni mwa kinamasi, jembe begani. Mbele yake Navalayo Muhonja amekaa kitako juu ya udongo aliourudisha mtaroni kwa mikono yake. Nusu ya kijiji imekuja kushuhudia. Mama mmoja amekuja na sufuria anayoisugua.

"Na vyura wangu waende wapi?" anauliza Navalayo.

"Waende Butere wapande treni!"

Watu wanaangua kicheko. Navalayo naye anacheka, lakini haondoki.

Ni alasiri ya Aprili 1981, mvua imetoka kunyesha. Huku kando ya msitu wa Kakamega, miwa imepandwa hadi nyuma ya majiko. Trekta ya kulima inafika Jumatatu, na asiye tayari atangoja msimu ujao. Ndiyo maana Mukhwana anakikausha kinamasi chake.

Navalayo, mjane wa miaka 46, ni kibarua wa kitalu cha miche msituni, kwa shilingi kumi na mbili kwa siku. Miaka sita iliyopita, watafiti walimfundisha kuhesabu mayai ya chura wa kijani, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, anayeishi katika misitu michache tu yenye ukungu.

"Walisema watarudi," anasema. "Nimeendelea kuhesabu, wasije wakanikuta sina jibu."

Mwaka wa kwanza alihesabu mafungu 63 ya mayai. Mwaka huu ni tisa, yote hapa.

Anamvuta Mukhwana mkono, anamwonyesha fungu la mayai kwenye jani lililoning'inia juu ya maji. "Wakiiva wanadondokanga majini. Ukikausha, watadondoka kwa udongo mkavu, wafe."

Mukhwana anainama. Ndani ya ute, vijitone vyeusi vinajipindua.

"Kumbe vina macho," anasema polepole. Kisha anajikaza. "Lakini watoto wangu nao wana matumbo, Navalayo."

"Basi chukua shamba langu la viazi pale juu, uniachie hapa. Hapa miwa yako ingeoza mizizi."

Mukhwana anapanda hadi kwenye viazi, anapima kwa hatua, anarudia kupima. Vipande vinalingana.

"Na viazi vyako? Trekta ni Jumatatu."

"Watu si hawa wamejaa? Watanisaidia kuvuna."

Ghafla kila mtu anatazama miguu yake. Mwenye sufuria ndiye wa kwanza kukubali, anataka mbegu.

Navalayo anapanga kuzungushia kinamasi miti ya asili kutoka kitaluni. "Nikifikisha mafungu mia," anasema, "watafiti nitawaandikia mimi mwenyewe."

Mukhwana anashuka mtaroni, anaanza kufukia sehemu iliyobaki. Mkewe, Mideva, anachungulia kutoka jikoni kunakonukia ugali na kuku. Tangu mtaro uanze kuchimbwa, wiki mbili sasa, Navalayo hajakanyaga kwake.

"Wewe mama wa vyura!" anaita. "Obusuma iko mezani, na ingokho imeiva. Nawa mikono uingie tule."