Uzi Uliokataa Kukatika

Fundi alikuwa na miaka sitini na minne, na arobaini kati ya hiyo aliimaliza mbele ya cherehani ileile, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Sare za nusu ya watoto wa mtaa zilipita mikononi mwake. Nguo ya mtoto hakuishona bila kuibakizia pindo nene, maana mwili wa mtoto, alikuwa akisema, haumuulizi mtu.

Mkasi wake haukugusa uzi. Ulikuwa wa vitambaa tu, na aliyeuchukua kwa kazi nyingine alikiona cha moto. Uzi aliukata kwa meno, na mjukuu wake wa miaka saba, aliyeshinda naye baada ya shule, alimfundisha vivyo hivyo.

Siku moja mtoto alikuwa akimshonea mdoli wake sketi. Akauma uzi kwa meno ya mbele, akavuta. Ukateleza. Akauma tena, wapi. Mwishowe akauhamishia kwenye magego, ukakatika.

Fundi akamuuliza, "Mke mwenzangu, hayo ya mbele umeyaweka pambo?"

Mtoto akacheka. Bibi yake hakucheka. Alivaa miwani, akamwambia aume meno sawasawa. Magego yalikutana, mbele palibaki uwazi, ncha ya ulimi ikichungulia. Fundi akapenyeza ncha ya futi yake ya kupimia. Ikaingia bila kugusa jino.

Jioni mama mtoto alipokuja kumchukua na kuambiwa mtoto apelekwe kwa daktari wa meno, aliona mama yake anakuza mambo. Meno ya utoto hata hayajaisha kung'oka; angoje afike kumi na mbili, kumi na tatu hivi. Aliyasema hayo kiganja kikiwa kimeziba meno yake, kama alivyozoea tangu usichana wake. Fundi akakitazama kile kiganja.

"Wewe nilikungojea, mwanangu," akasema taratibu. "Waliniambia yatajinyoosha yenyewe, nikakaa. Kosa lile ni langu. Kwa huyu silirudii."



Alhamisi Fundi akafunika cherehani, jambo ambalo hata homa haikuwahi kumfanyisha, akamshika mjukuu mkono hadi kwa daktari wa meno. Daktari akamwambia miaka saba ndiyo yenyewe: magego ya kwanza ya ukubwani na baadhi ya meno ya mbele yameshaota, na taya bado linakua, kwa hiyo linaonekana linakoelekea. Si kila mtoto hufungwa waya wa kunyoosha meno. Wengi huangaliwa tu. Kisha akauliza kama huyu ananyonya kidole. Bibi mtu akakiri: mbele ya televisheni, na usingizini. Basi tuanze na kidole, akasema daktari, mrudi baada ya miezi sita. Uwazi usipopungua, kuna kifaa cha kumsaidia, na muda upo.

"Kumbe na nyinyi mnabakiza pindo," Fundi akasema, na daktari akacheka.

Siku hiyohiyo alishona kifuko cha kidole gumba chenye kamba ya kufungia kiganjani. Kitambaa alikichagua mtoto mwenyewe, chenye maua, na kila mama yake alipokikuta asubuhi mahali pake, baada ya shule aliruhusiwa kuendesha cherehani mshono mmoja. Wiki za mwanzo alikivua sana. Fundi hakumgombeza, alikifunga upya.

Miezi sita ilipotimia, mama mtoto ndiye aliyeomba ruhusa kazini akampeleka. Waliporudi walipitia kwa Fundi, naye hakuuliza majibu. Alichukua futi, akamwambia mjukuu aume. Uzi bado unateleza, lakini futi haipiti tena.