Kompyuta ya Marehemu Raphaeli

Mwaka 2014 ulipoingia, Ezron alikuwa ametimiza miaka sita bila mtu kumwita Ezron. Usimhurumie haraka. Hakuwa amepotea wala hakuwa jela. Alikuwa pale pale Tunduma, hatua chache kutoka mpakani, kwenye kibanda cha steshenari chenye mlango wa bluu, akichapa barua na kutoa kopi, na mtaa mzima ulimjua. Tatizo ni kwamba ulimjua kwa jina la marehemu kaka yake.

Raphaeli alikufa mwaka 2008 kwa homa ya siku nne. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa uani, wa upande huu pamoja na waliovuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, na baba mkubwa Makene, msemaji wa ukoo, akamwita Ezron katikati. Wakamvisha koti la marehemu, koti la kahawia lililomning'inia mabegani, na Makene akatangaza mbele ya wote, "Kuanzia leo huyu ndiye Raphaeli. Nyumba hii ina baba." Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wakaja mmoja mmoja kumsalimia kwa jina jipya, maana katika ukoo ule wa Kinamwanga jina la mtu mzima haliachwi likae bila mwenyewe. Ezron alikuwa na miaka ishirini na sita. Hakuna aliyemuuliza kama jina lile linamtosha. Hata koti halikumtosha, na hakuna aliyeuliza.

Kabla ya siku ile alikuwa fundi redio Mlowo. Meza moja kando ya barabara kuu, turubai juu, bisibisi kwenye kopo la maziwa, na redio za wakulima waliokuja kuuza kahawa na mahindi. Akiitikisa redio sikioni tu alikuwa anajua ugonjwa wake, na alikuwa anaringa kidogo kwa hilo. Kulikuwa pia na Violet, mshona nguo wa kibanda cha pili, ambaye kwao Ezron alishapeleka barua ya posa. "Nipe miezi michache niwaweke sawa watu wa kaka," alimwambia alipokuwa anafunga meza yake. Miezi ikazaa miaka miwili. Violet akaolewa na dereva wa lori la mazao. Ezron hakumlaumu, lakini aliposikia habari ile alikaa kutwa nzima hakuchapa hata barua moja.

Mjane, Nesta, hakurithiwa. Alisema wazi kwenye kikao kwamba yeye ni mtu wa kanisa, jina lirithiwe, yeye hapana. Wazee waliguna wakakubali. Kwa hiyo Ezron akapata jina, koti, kibanda, na mtoto mmoja wa miezi minne aliyeitwa Yunisi. Alikula kwa Nesta na kulala chumba cha nyuma ya duka. Alikuwa baba mwenye nyumba asiye na mke, na kapera asiyeruhusiwa kutafuta, kwa sababu kila alipomtaja binti fulani Makene alimwangalia kwa mshangao na kumwambia, "Raphaeli, mwanangu, wewe si una familia?"

Halafu kulikuwa na kompyuta. Ilikuwa laptop nzito, nyeusi, ambayo Raphaeli aliinunua mpya mwaka mmoja kabla ya kufa, na ndiyo iliyolisha nyumba ile. Kila asubuhi ilipowashwa ilitoa mlio mdogo wa kukaribisha, kisha ikaandika katikati ya kioo kwa herufi nyeupe: Raphaeli. Ezron aliichukia salamu ile kuliko salamu zote. Wanadamu aliweza kuwasamehe, walikuwa na ukoo na mila. Mashine je? Ina shangazi gani wa kumwogopa?

Mwezi wa tatu laptop ikagoma. Iliwaka, ikaonyesha maandishi meupe kwenye kioo cheusi, ikazima, ikawaka tena yenyewe, hivyo hivyo kama mtu mwenye kwikwi. Ezron aliibeba hadi kwa Clement, fundi wa kompyuta pale stendi.

"Hii napiga window mpya tu, bro Raphaeli," Clement alisema bila kuigusa sana. "Nafuta diski yote, nakuwekea ya kisasa. Jioni unachukua."

"Ukifuta diski yote na ile sehemu ya siri inaondoka?"

"Ipi hiyo? Ile inayokula nafasi bure? Hiyo huwa naifuta ya kwanza."

Ezron akaibana laptop yake kwapani akarudi nayo. Alikumbuka jambo. Zamani, alipokuja kumtembelea kaka yake, aliona ndani ya mashine kisanduku kidogo cha pili cha kuhifadhia kazi, kilichojaa hadi kuwa chekundu, akataka kukisafisha. Raphaeli alimpiga kofi mkononi. "Acha hapo! Wamekificha makusudi. Humo ndimo kompyuta inamokumbuka ilivyotoka kiwandani. Siku ikichanganyikiwa unairudisha kule, inaanza upya."

Inaanza upya. Ezron alitembea na maneno hayo mpaka kwa Nesta.

Alimweleza mambo yote. Nesta alikuwa anafunga kilemba cha kwenda mazoezi ya kwaya, akamsikiliza akiwa amebana pini midomoni.

"Picha zake?"

"Nitazihamisha kwanza kwenye flashi. Mashine yenyewe inatoa nafasi ya kuhamisha kabla ya kufuta."

"Na ule wimbo alioimba Pasaka?"

"Na huo, Mama Yunisi."

"Halafu itafunguka vipi?"

"Itauliza jina la mwenyewe, kama ilivyomuuliza yeye siku ya kwanza."

Nesta akatoa pini mdomoni. "Basi andika Raphaeli. Baba Yunisi, nisikilize. Mengine yote nakuachia, wewe ndiye fundi. Hilo jina usiliguse. Nikiingia dukani nikaliona pale nasema sawa, siku imeanza."

"Sawa," Ezron alijibu. Lakini alijua anadanganya. Alijua tangu pale stendi. Lingekuwa jina lake mwenyewe, mara moja tu katika miaka sita, kwenye kitu kimoja tu katika nyumba ile. Nesta akienda kwa Makene kushtaki, na aende.

Jumamosi ile alianza saa nane mchana. Aliwasha na kubonyeza kitufe cha F11 mfululizo kabla nembo haijatoweka. Mara ya kwanza akachelewa, ya pili akachelewa, ya tatu kioo kikageuka buluu, na ile sehemu iliyofichwa ikafunguka na orodha yake, safi, haijaguswa tangu kiwandani. Ezron alicheka peke yake. Alichomeka flashi akahamisha picha, wimbo na barua zote. Mashine ikauliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika.

Sasa kazi ikawa kungoja. Betri ilikuwa imekufa zamani, laptop iliishi kwa waya wa ukutani, na umeme ukikatika katikati basi kila kitu kingekwenda na maji. Asilimia kumi. Kumi na nne. Dereva wa lori wa Zambia akainama dirishani na pasipoti mkononi, akasalimia kwa adabu za kwao.

"Mulishani, ba Raphaeli! Kopi moja tu, mukwai."

"Leo hapana, mukwai. Nikiwasha mashine ya kopi umeme unaruka."

"Ah, ba Raphaeli!" Dereva akaondoka akilalamika kwa Kibemba. Ezron alifunga nusu ya mlango. Wacha amwite hivyo, alijiambia, ni leo tu. Hamsini. Sabini na mbili. Alijikuta amekunja mikono kama yuko ibadani.

Saa kumi na moja mashine ikajizima, ikawaka, na mlio mdogo wa kukaribisha ukasikika, mpya, kama siku ya kununuliwa. Katikati ya kioo kikatokea kisanduku cheupe, kitupu, kikingoja jina. Ezron alijifuta jasho kwenye suruali. Akaandika polepole, herufi tano, kisha akajiegemeza kwenye kiti kuziangalia. Machozi yalimlengalenga, na hakuona haya.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Yunisi, wa darasa la kwanza, viatu mkononi, anarudi kutoka kucheza. Alimjia babaye kwa nyuma, akamwekea kidevu begani.

"Baba, imepona?"

"Imepona."

Siku hizi Yunisi alisoma kila alichokiona, vibao vya maduka, magunia ya unga, migongo ya malori. Akanyoosha kidole kwenye kioo. "E... z... Ezron." Akafikiri kidogo. "Ezron ni nani?"

Ezron aligeuka amtazame kama anatania. Hakuwa anatania. Kwa nini atanie? Nani alishawahi kumtajia?

"Alikuwa fundi redio," alisema. "Kule Mlowo."

"Amekufa?"

"Hapana. Alihama."

"Akahamia wapi?"

Nje zilisikika sauti za wanakwaya wakirudi, na ya Nesta ikiwa juu ya zote. Ezron aligeukia kioo. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufutia, akazitoa herufi zile moja baada ya nyingine, mpaka kisanduku kikabaki kitupu. Kisha akasogeza kiti.

"Njoo," alisema. "Andika jina la baba."

Yunisi akakaa mapajani mwake, akatoa ulimi kidogo nje kwa bidii, akaanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja. Alizijua zote, na hakukosea hata moja.