Mashine Yangu ya Dadu Ilivyonigeuka

"Wewe fundi ni mwizi, tena mwizi wa mchana kweupe."

Huyo ni Mama Cherehani, mshonaji wa mlango wa pili. Amesimama katikati ya ua, futi ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Nimekuibia nini, dada yangu?"

"Chumba."

Wapangaji wote walishatoka milangoni. Nyumba yetu ikinusa ugomvi, hata mgonjwa anapata nafuu.

Kisa chenyewe ni chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Kilikuwa wazi. Mimi nilikitaka kwa meza yangu ya kutengeneza redio. Yeye alikitaka kwa cherehani. Macho yalianza kumsumbua na kwake jua haliingii.

Bibi mwenye nyumba, asiyependa kelele, akaamua tutupe dadu mara moja. Moja mpaka tatu, chumba cha Mama Cherehani. Nne mpaka sita, changu.

Ikaja sita.

"Dadu limechezewa," akasema.

"Dadu si lako? Umelitoa kabatini kwako mwenyewe."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Bibi akanipa ufunguo. "Una mpaka Jumapili, fundi. Ukionyesha dadu halina hila, kaa. Likiwa nayo, ufunguo anapewa mwenzako."

Nami kwa domo langu nikajibu, "Nitaunda mashine. Itupe, ihesabu, mkono wa mtu usiguse."

Nikachukua kopo la plastiki na mota ya feni mbovu. Juu nikafunga simu yangu ya zamani, kamera ikitazama chini. Nikaiwekea programu ya kuhesabu nukta na kutunza kila picha.

Siku ya kwanza ilisoma nane. Dadu gani lina nane? Kumbe mng'ao wa taa nao ulihesabiwa nukta. Nikaizima taa, nikatumia mwanga wa dirisha.

Kelele sasa. Kra-kra-kra, kutwa nzima.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "hicho kidude kinatafuna mifupa au akili yako?"

Nikairudia mashine yangu. Nakaa, nasimama, nachungulia.

Jumapili saa sita mchana mashine ikafikisha mara elfu moja za kutupa. Nikafungua hesabu.

Sita peke yake: mia tatu na nne. Haki yake ni kama mia moja na sitini na saba hivi.

Nikasema kamera imekosea. Nikapitia picha za sita zote, moja moja, jasho linanitoka. Kamera haikukosea hata moja.

Nikalitoa dadu. Dadu la mbao, kubwa kama kiberiti. Nikaligeuza upande wa moja, unaotazamana na sita.

Nukta ile ilikuwa inang'aa.

Nikakaa chini.

Mwaka uliopita Mama Cherehani aliniletea hilo dadu. "Shemeji, nukta ya moja imefutika, siioni." Mimi na ufundi wangu nikatoboa shimo, nikalijaza risasi, ile ya kuchomea nyaya za redio. Sikumtoza kitu. Upande wa moja ukawa mzito, ukapenda kulala chini. Sita ikapenda juu.

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Uani hakuna mwingine wa kuisoma. Ningesema dadu ni safi, ingepita.

Nikatembea ua mzima, mara nne. Ya tano nikagonga mlango wa pili.

Alikuwa anapakua. Nikamwambia yote, nikaweka ufunguo mezani.

Akaligeuza dadu karibu na jicho, mpaka likagusa kope.

"Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea. Mwizi alikuwa mkono wangu, mwenyewe nikiwa sina habari."

Tangu siku ile, kabla sijaapa kwamba sijagusa kitu, najiuliza kwanza kama sikuwahi kukitengeneza.

Mama Cherehani akacheka hadi kijiko kikamponyoka. Kisha akasogeza kigoda kwa mguu.

"Mwite mkeo, na ukifunge hicho kidude. Njooni tule, chakula kinapoa."