Bunduki Iliyobaki kwa Jina la Marehemu

Waliandika kwamba bunduki ilikuwa yangu. Hilo ndilo nililotendewa, na nalisema kwanza, maana nikianza kueleza huwa nachanganya mambo. Karatasi iko polisi. Ina alama ya dole gumba langu, na inasema kwamba mimi Bertila binti Vedasto, mkulima wa Ipole, ndiye niliyekuwa nikiitunza bunduki ambayo kaka yangu Tobias aliwaulia watu wanne kwenye soko la tumbaku. Sikusema hivyo. Sijui kusoma. Aliyenisomea karatasi ile ni baba yangu mdogo, Octavian, na aliniambia ni ya kuuchukua mwili wa Tobias tukazike.

Anayeandika haya ni Shamila, karani wa wakili Awadhi hapa Tabora mjini. Nimemwomba asinipambe.

Nilizaliwa Ipole, mtoto wa kike peke yangu kati ya wanne. Kaka zangu walisoma, mimi sikusoma. Baba alisema nyuki hawajui kusoma na asali yao inaliwa. Watu walicheka, na mimi nilicheka, kwa kuwa nilikuwa mdogo na nilidhani ni kweli. Niliolewa Bukene. Mume wangu alipata mwanamke mwingine pale stesheni, na baada ya miaka kumi na mmoja nikarudi kwa baba na watoto wawili na mkeka. Baba hakuniuliza kitu. Alinionyesha chumba tu. Nilimtunza mpaka alipokufa, miaka mitatu iliyopita, wakati watu wanachuma tumbaku.

Baba alikuwa na shotgani, ile ya kuingiza risasi tano. Aliipata kihalali, kwa ajili ya kulinda mashamba na mizinga yake msituni. Leseni ilikuwa na picha yake, akiwa amekunja uso kama mtu anayedaiwa. Alikuwa akiifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kanisa.

Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo walitandika mkeka uani na kupanga vitu vya marehemu: shoka, upinde, kiti chake, redio, na bunduki. Kwetu ndivyo inavyofanyika. Vitu vya mwanamume hupewa wanaume, na anayegawa ni ndugu wa marehemu. Octavian akachukua shoka akampa kaka yangu mkubwa. Halafu akashika bunduki, akampaka Tobias unga kwenye paji la uso, akamwekea ile bunduki mikononi.

Nilisema. Watu wote walinisikia nikisema.

"Baba mdogo, nakuomba. Huyu asipewe. Mwaka juzi alimpiga ng'ombe wake mwenyewe mpaka akafa, kisa amekanyaga miche."

"Wewe Bertila," Octavian akasema, "kukaa na mume kulikushinda. Sasa unataka kukaa na bunduki?"

Uani walicheka hata wanawake. Katarina, rafiki yangu wa kwaya, ndiye hakucheka. Alinivuta kanga, akaninong'oneza, "Kaa chini, dada. Watakumaliza."

Nikakaa.

Hakuna aliyesema twende polisi tukaseme Mzee Vedasto amefariki. Wote tulijua sababu. Ukisema, bunduki inachukuliwa. Kwa hiyo karatasi ilibaki na picha ya baba, na chuma kikawa cha Tobias, na hatukuona kwamba hapo kuna tatizo. Shoka halina leseni na lilirithiwa siku ileile, kwenye mkeka uleule.

Na kuna jambo jingine ambalo nilimficha hata wakili kwa mwezi mzima. Mke wa Tobias alikataa bunduki isilale nyumbani kwake. Alisema akiiona hapati usingizi. Basi Tobias akawa anaiacha kwangu, kwenye chumba cha baba, anaichukua akienda msituni na kuirudisha. Ilikaa kwangu. Hilo ni kweli. Lakini kukaa ni kumiliki? Hata jembe la jirani linaweza kukaa kwangu msimu mzima na likabaki la jirani. Wakili Awadhi anasema sheria ya bunduki si kama ya jembe. Sielewi. Namwambia aeleze tena, anaeleza tena, na mwisho naitikia ili apumzike.

Miezi minane baada ya mazishi alikuja ofisa kuhakiki silaha, na daftari kubwa. Alimkuta Octavian amekaa uani kwangu anakunywa uji. Akauliza, Mzee Vedasto yuko wapi? Octavian akanitazama mimi. Nikasema, "Amekwenda Tura kwa dada yake." Ofisa akaandika, akasema akirudi afike ofisini, akaenda zake. Kaburi la baba lilikuwa nyuma ya jiko, na lilikuwa bado halijajengewa.

Siku ile ya soko Tobias alikuja asubuhi, hakunisalimia, akachukua bunduki. Nilidhani anakwenda msituni. Kumbe marobota yake ya tumbaku yalikuwa yamekataliwa na mthamini kwa mara ya pili, wakamwambia ni tumbaku mbovu. Mimi nilikuwa natwanga. Nilisikia mshindo, nikasema wanapasua mawe. Ukaja wa pili. Halafu watu wakaanza kukimbia kuja upande wetu, na mmoja aliponiona akageuza njia, akapita kwingine.

Walikufa wanne, sita wakaumia. Mthamini hakupata hata mkwaruzo. Katarina alikuwa kwenye foleni na mumewe Gerson, wanasubiri kupimiwa, na yeye alikuwa wa kwanza. Tobias aliuawa na polisi kabla ya saa saba.

Kesho yake ndipo niliposhikishwa wino. Nilikuwa nimelia mpaka sioni vizuri. Octavian alisoma ile karatasi kwa sauti, kwa upole, kama anavyosoma neno la Mungu kanisani. "Mimi ni dada wa marehemu, naomba mwili." Ndivyo nilivyosikia. Nikabonyeza. Wiki mbili baadaye walikuja kunichukua, nikakaa mahabusu siku kumi na tisa kabla ya dhamana.

Sasa kuna kesi mbili. Moja ya serikali, ya kuwa na silaha bila kibali. Nyingine ni ya Gerson na wenzake waliofiwa, wanaosema uzembe wangu ndio uliowaua watu wao. Namuuliza wakili, mtu mmoja anashtakiwaje mara mbili kwa jambo moja? Anasema hii ni jinai, ile ni madai. Namuuliza, na aliyenunua bunduki kafa, aliyefyatua kafa, kwa hiyo kesi imetafuta aliye hai aliye karibu? Akasema, "Mama, hapo umeuliza kama wakili."

Kijijini ulifanyika mkutano. Mgeni kutoka wilayani alisema silaha zote za urithi zisalimishwe ndani ya siku thelathini, na atakayesalimisha hatashtakiwa. Mzee Raymundi, ambaye ana mizinga zaidi ya mia, akasimama.

"Tusalimishe halafu fisi tuwapige na nini, na kitabu cha nyimbo?"

Watu wakacheka. Mwanamke aliyefiwa na mwanawe akasimama naye.

"Mzee Raymundi, shikamoo. Fisi amekula mbuzi wangu wangapi mwaka huu? Hakuna hata mmoja. Bunduki imekula mtoto."

Kicheko kikakatika. Mwingine akasema kosa si la bunduki, ni la mthamini wa tumbaku anayewatia watu wazimu. Mwingine akasema kosa ni la serikali iliyotoa leseni isifuatilie. Mmoja akanyoosha kidole kwangu. Mimi niliwasikiliza wote, na kila mmoja alipokuwa akisema nilimwona ana haki, mpaka mwingine alipoanza. Octavian alikaa mbele, karibu na mgeni. Hakusimama.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwake baada ya ibada.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Sikai, baba mdogo. Nimekuja unisaidie. Nenda ukawaambie ni wewe uliyempa Tobias."

Alitazama mlango kama kuna mtu anasikiliza. Akasema polepole, "Nikisema, watanifunga mimi. Mimi nina watoto watano shuleni. Wako wamekua. Wewe, mayu, mama yangu, ukifungwa nani atakosa chakula?"

"Kwa hiyo ndiyo sababu."

"Sikukuchagua kwa ubaya. Nilihesabu tu."

Nimekwisha kutukanwa maishani mwangu, na mume wangu alikuwa fundi wa matusi, lakini sijawahi kuambiwa jambo kwa utulivu kama lile. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilimuuliza kama shangazi wa Tura anaendelea vizuri. Mpaka leo sijui kwa nini niliuliza hivyo.

Nikatoka pale nikapita kwa Gerson. Alikuwa anashona gunia, hakuinua uso.

"Gerson, nimekuja kukwambia. Ofisa alipokuja kuhakiki, mimi ndiye niliyemdanganya. Nilisema baba yuko Tura."

Sindano ikasimama. "Ungesema amekufa, ingekuwaje?"

"Wangeichukua."

"Na Katarina angekuwa anapika saa hizi."

"Ndiyo."

"Nani alikutuma useme hivyo?"

"Octavian. Hakunituma kwa mdomo. Alinitazama."

Gerson akacheka kicheko kibaya. "Nenda kamwambie hakimu ulitazamwa!" Halafu, nilipofika njiani, akaniita. "Bertila. Siku ya matanga nilikuwepo. Nilisikia ulivyosema kuhusu yule ng'ombe." Akarudi kwenye gunia lake. Sijui kama atalisema hilo mahakamani. Wakili amemwandikia barua. Bado hajajibu.

Nimemwambia Awadhi aliweke jambo la Tura kwenye maelezo yangu mapya. Alisema litaniumiza. Nikasema liwekwe, kwa sababu hilo ni langu na nitalijibia. Safari hii Shamila amenisomea mara tatu, mstari kwa mstari, kabla sijabonyeza.

Hakimu atatusikiliza Jumanne. Mbali na kesi yake, Gerson hanidai zaidi ya ukweli, na nimempa, ingawa umechelewa. Tobias anadaiwa watu wanne na hana pa kuwatoa. Yule ofisa mwenye daftari anadaiwa safari moja tu ya kwenda Tura kumtafuta mzee, na hakwenda. Polisi wananidai maelezo, nimetoa. Nami nawadai waifute ile karatasi ya kwanza. Lakini deni kubwa liko kwa Octavian wa Ipole, ndugu wa marehemu baba yangu, mzee wa kanisa. Ananidai heshima, na naendelea kumpa, namwamkia kila nikikutana naye. Mimi namdai asimame mbele ya hakimu aseme maneno matatu: nilimpa mimi bunduki.

Shamila ananiambia hayo ni maneno matatu kweli. Amehesabu.