Mtumbwi Usio na Mtu Ndani

Otmar alikuwa seremala wa Ushirombo. Kusoma hakusoma, ila mbao alizijua. Februari ya mwaka 1996 alimzika mkewe, Theopista, na tangu siku hiyo hakutengeneza hata kigoda. Randa ilikaa juu ya kabati ikaota kutu.

Septemba akaja Gulnaz, binti wa Zakir, mwenye duka la vipuri Kahama. Alikuwa anasomea udaktari chuo kikuu, Dar es Salaam.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Baba yako anasema sasa wewe daktari. Mgongo wangu huu unauma."

"Udaktari wangu mimi ni wa vyombo vya majini. Vinavyokwenda bila mtu ndani."

"Bila mtu? Na kona vinakataje?"

"Vinajikatia."

Otmar akacheka. Muda mrefu hakuwa amecheka.

Gulnaz akamweleza taratibu. Alitaka mtumbwi mdogo wa kupima kina cha mabwawa, hata yale ya machimboni ambako si vema kumpeleka mtu. Ndani ya kompyuta alikuwa na lambo la kuigiza, lenye upepo na mawimbi yake. Humo alijaribu maumbo mia tatu ya mtumbwi, akitafuta linalokula betri kidogo kuliko yote. Sasa alitaka hilo moja alione majini, kwa mbao.

Akafungua mchoro. Mtumbwi mrefu, mwembamba.

"Huu si wa Wazinza wa ziwani huu?" Otmar akasema. "Wanachonga hivi toka zamani. Mia tatu zote za nini? Ungeniuliza."

"Nisingejua kwa nini ndio bora."

"Sasa unajua?"

"Kiasi, mzee."

Otmar akaishusha randa.

Siku ya kufunga sitaha ya mbele, alitoa sumaku ya Theopista. Marehemu alikuwa akiosha mchanga wa dhahabu Rwamgasa, na kwa sumaku hiyo, iliyotoka kwenye spika ya redio mbovu, aliondoa vumbi la chuma mchangani. Miaka mingi ilikaa kwenye pindo la kanga yake. Na miaka hiyohiyo alikuwa akimwomba mumewe ampeleke ziwani apande mtumbwi. Otmar akisema, mwakani.

"Haya, panda," akasema, akaiweka ndani, akafunga ubao.

Jumatano wakaupeleka kwenye lambo la ng'ombe nje ya Kahama. Gulnaz alikuwa amefunga mota ya waipa ya gari, betri, na mbele kabisa dira ya umeme. Basi lake la kurudi chuoni lilikuwa Jumapili. Profesa wake alishamwambia: mtumbwi usipofuata mstari uliochorwa na kompyuta, kazi ya miaka minne inaanza upya.

Mtumbwi ukatoka vizuri. Halafu ukaanza kuzunguka.

"Daktari," akaita Maganga, mlinzi wa lambo, "chombo chako kimepoteza ndama?"

Alhamisi ukazunguka tena. Gulnaz akafungua nyaya, akafunga. Hakula. Mwisho akachukua dira ndogo ya mkononi, akaipitisha juu ya sitaha. Mshale ukageukia ubao wa mbele, ukaganda pale.

"Kuna chuma humu. Mzee, misumari?"

"Ni ya shaba, ileile uliyonipa."

Otmar akatazama ule mshale. Vumbi la chuma alikwishaliona likifanya hivyo, mara elfu, mikononi mwa mkewe. Akakaa chini.

"Ni mke wangu," akasema.

Akaeleza yote. Yalikuwa maneno mengi kwake. Kisha akashika patasi. "Ninamtoa."

Ubao ulipobanduka, Gulnaz aliishika ile sumaku.

"Alitaka ziwa?"

"Alitaka."

"Basi akae nyuma, mbali na dira. Uongo kidogo utakaobaki nitaupima, nitaiambia kompyuta."

Ijumaa yote Otmar aliugeuza mtumbwi nchi kavu, kidogo kidogo, pande zote. Kila akisimama, Gulnaz aliandika dira imedanganya kiasi gani.

"Marehemu ulimzungusha hivi akiwa hai?" Maganga akauliza.

"Yeye ndiye alinizungusha mimi," Otmar akajibu.

Jumamosi asubuhi mtumbwi ukavuka lambo. Ukafika kwenye mti uliochomekwa, ukageuka wenyewe, ukarudi, pua ikagusa tope miguuni pa Otmar. Gulnaz akalaza karatasi mbili, mstari wa kompyuta juu ya mstari wa majini. Ikalingana. Akaketi topeni na nguo zake nzuri, anacheka, anafuta macho.

Maganga akasogea, akachungulia. "Na kweli hamna mtu humu?"

"Yumo mmoja," Otmar akasema. "Usiuinamishe."

Novemba mtumbwi ungepelekwa Nungwe, ziwani. Gulnaz alimwuliza kama atakuja kuangalia. Otmar akasema atakuja, ila kwanza ampe mchoro wa pili, mbao zimebaki.