Karani wa Mama

Ninaandika vichekesho vya televisheni, na kwa miaka mingi mama yangu, pale Mkumbi, hakuamini kama hiyo nayo ni kazi. Nilimweleza mpaka nikachoka.

"Wao wanacheka, wewe unaandika?"

"Ndiyo, mama."

"Unaandika majina ya waliocheka? Kama kiranja?"

Jamani! Mtoto wa jirani ni bwana shamba, ana buti, watu wanaziona. Mimi nina nini cha kuonyesha? Iliniuma, sifichi.

Siku moja mama akawaalika wanajumuiya baada ya sala waje wanione kwenye runinga. Nilishamwambia mimi sionekani, lakini mama husikia anachotaka. Basi wakamwona mchekeshaji mmoja, tumbo wazi, akiteleza kwenye matope. Katekista akasema, "Mtoto kanenepa huyu!" Mama akanipigia simu kwa uchungu: "Mwanangu, hata shati walikunyima?"

Nikaapa kwamba safari hii atanitambua. Nikampa yule mnene maneno ambayo duniani kote huyasema mama peke yake. Ukimchelewesha kwa lolote, atakwambia: "Umekaa kama usipa wa Ngumbo, umeshaanikwa na bado unanikodolea macho!" Usipa ni dagaa wetu wa ziwani, huko Ngumbo ndiko wanakovuliwa, na kweli hukauka macho wazi.

Kipindi kiliporushwa nilikuwa likizo nyumbani, nimeketi kando yake, sebule imejaa wanajumuiya. Yule mnene akamgeukia mkewe, akayatoa maneno yale, lafudhi ya Dar tupu. Watu hoi, mbavu hawana. Mama hakucheka. Alisimama ghafla hadi kanga ikamdondoka begani.

"Wezi! Maneno yangu hayo! Nani kawapelekea?"

Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Ni mimi, mama. Ndiyo kazi yangu hiyo."

Akanitazama weee. Nilijua sasa nitapewa baraka zangu, pengine na kuku. Akaokota kanga yake, akamgeukia katekista, kidevu juu.

"Mmesikia? Kumbe mtunzi ni mimi. Huyu ni karani tu."

Siku hizi hunipigia simu asubuhi, hata salamu yangu haingoji. "Karani, chukua kalamu!" Nami nasema shikamoo huku naitafuta.