Utando na Vumbi la Mawe

Mluzi ulitoka mwishoni mwa kicheko cha baba, Jumapili mchana, mezani kwetu Kitengela. Ulikuwa mwembamba, wa sekunde mbili hivi, nao ulishuka kabla ya kukatika. Mama hakuusikia, alikuwa akigawa ugali. Mimi niliusikia kwa sababu nimezoea kungoja mwisho wa kicheko cha baba. Huwa anakimalizia kwa kupiga meza kofi moja, na siku hiyo hakupiga. Alishika ukingo wa meza, akavuta pumzi, kisha akaendelea kunitania.

Alikuwa ananitania kuhusu masomo yangu. Tangu nianze shahada ya uzamili, baba hunijulia hali kwa kuziulizia seli zangu. Huniita "mama" kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, kama ilivyo desturi ya watu wetu wa magharibi, na swali lake la kila wikendi ni lile lile: "Mama, hao watoto wako wamekula?"

Watoto wenyewe ni seli za kinga, zile kubwa ambazo kazi yao ni kumeza vijidudu na uchafu. Seli ikimeza kitu, hukifungia ndani ya kifuko, na humo asidi na vimeng'enya hukisaga. Kinachozuia asidi ile isiichome seli yenyewe ni utando wa kifuko, na mimi huchunguza namna utando huo unavyopasuka. Hutia ndani ya vifuko rangi inayong'aa chungwa, kisha huzilisha seli unga wa silika, yaani chembe ndogo sana za jiwe. Seli humeza, maana haijui kuchagua. Jiwe halisagiki, nalo huudhuru utando. Nikitazama kwa hadubini naona nukta za chungwa zikififia moja baada ya nyingine: kifuko kimevuja, seli inakufa, na chembe ya jiwe inabaki vile vile, mpaka seli nyingine ije kuimeza. Mambo hayo yakirudiwa kwa miaka ndani ya mapafu ya mtu, huacha makovu yasiyofutika.

Niliyaeleza haya kwa uangalifu katika pendekezo langu la utafiti, na katika aya ya pili nikataja wakata mawe kuwa miongoni mwa watu walio hatarini. Baba yangu hukata mawe ya kupamba kuta katika yadi moja mjini Kajiado, na hurudi nyumbani wikendi tu. Niliyajua mambo haya mawili kwa muda mrefu bila kuyakutanisha. Silika ilikuwa unga mweupe katika chupa yenye lebo, unaopimwa kwa mizani iliyozungushiwa kioo. Vumbi la baba lilikuwa kitu ambacho mama hukung'uta kutoka kwenye nguo zake kila Jumamosi nyuma ya nyumba, na kwangu harufu yake ilimaanisha kwamba baba amefika.

Jumatatu, baba akiwa amesharudi kazini, nilijaza kurasa mbili kwa sababu nyingine zinazoweza kuleta mluzi: pumu, baridi ya asubuhi, umri, sigara alizoacha kabla sijazaliwa. Kila sababu niliipa hoja za kuiunga mkono na za kuipinga. Ukurasa wa tatu ulihusu namna ya kumwambia, nao haukufika mbali. Jiwe ndilo lililonisomesha. Kumwambia kwamba limemdhuru kulionekana kwangu kama kumrudishia zawadi mikononi.

Jumatano nilikwenda Kajiado kwa kisingizio cha kumpelekea nguo safi. Nilimkosa, alikuwa ameenda kupima ukuta wa mteja. Aliyenipokea ni mwenzake wa kazi, Mmaasai mwenye ng'ombe wachache ukingoni mwa mji. Alinisalimu "Supa," nikamjibu "Ipa," akanipisha kwenye kiti cha baba. Juu ya mashine ya kukatia palikuwa na mpira mdogo wa kudondosha maji kwenye kisu ili vumbi lisiruke. Ulikuwa mkavu, umejikunja, na buibui alikuwa amehamia ndani yake. Nikauliza kwa nini hawatumii maji.

Akanieleza kwa furaha, kama mtu anayesifu ndugu. Wakati wa ule ukame mrefu ndama wake walikuwa wanakufa. Alikuja kuomba masalio ya maji ya tangi la yadi, na baba akampa tangi zima, akawaambia wenzake wakate mawe makavu mpaka mvua inyeshe. Wengine walinung'unika. Baba aliwajibu, na mwenzake akaniigizia sauti yake: "Jiwe inaweza kungoja maji. Ndama haiwezi."

Mvua ilinyesha na tangi likajaa, lakini mikono ilikuwa imeshazoea. Jiwe likikatwa kavu, mstari wa penseli huonekana vizuri, mteja huiona rangi yake halisi papo hapo, na hakuna anayekanyaga matope. Hakuna aliyeurudisha mpira.

Nikamuuliza kama wao hukohoa. "Kiasi tu," akasema. "Lakini ukikunywa maziwa, vumbi inashuka. Ndama moja kati ya zile sasa ni ng'ombe. Kila asubuhi naletea baba yako maziwa yake. Mimi siwezi wacha kifua yake iharibike."

Najua njia ya maziwa mwilini, na najua haipiti mapafuni. Nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni. Alinimiminia kikombe kutoka kwenye chupa ya maziwa ya baba, nikanywa chote, nikashukuru, nikamwachia nguo na kuondoka kabla baba hajarudi.

Siku ya Alhamisi nilichora jedwali la sababu zile zile. Ijumaa asubuhi, tulipokuwa tukichambua sukuma wiki, nilimuuliza mama, nikijitahidi nisionekane ninauliza, kama amemwona baba akichoka. Hakuinua macho. Alisema kwamba siku hizi baba hawezi kutembea kutoka barabarani hadi nyumbani bila kusimama; husimama kwa fundi viatu na kujifanya ana mazungumzo.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Pasaka. Alisema tusikuambie. Hatukutaka kukukatiza masomo."

Nilinawa mikono, nikaingia chumbani, nikampigia. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yake.

"Baba, zima mashine kwanza."

Ikazimika. "Nimezima. Kuna nini, mama?"

Nilikuwa nimeandaa njia tatu za kuanza, na sikutumia hata moja. Nilimwambia kwamba vumbi la jiwe huumiza mapafu, kwamba wasikate tena jiwe lolote kavu, na kwamba Jumatatu yeye na mwenzake watakwenda hospitalini kupigwa picha ya kifua.

"Ni mbaya?"

"Sijui, baba. Naogopa."

Nilimsikia akifunika simu, akisema na mwenzake, kisha akarudi. "Basi kuja Jumatatu," akasema. "Tutakungoja kwa geti ya hospitali. Wewe utaongea na daktari. Sisi kazi yetu itakuwa kuvua shati."